Mnunuzi wangu wa mabondo amenialika hoteli ya kasino Macau. Niende?

*"Shikamoo mama. Mimi ni mfanyabiashara wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, hapa Kirumba, Mwanza, nina miaka 38. Mwezi ujao naenda Guangzhou, China, kuonana na mnunuzi wetu ana kwa ana kwa mara ya kwanza. Amesema tukimaliza mazungumzo atanipeleka Macau siku tatu, kwenye hoteli kubwa yenye kasino ndani, chumba na chakula bure. Wenzangu wa soko la samaki la Mwaloni wananitisha: eti mle wanapuliza hewa ili mtu asisikie usingizi, mgeni anashindishwa kwanza ili anogewe, na ukilala bure lazima ucheze, la sivyo hutoki. Mke wangu hataki hata kusikia. Mimi nataka kuiona, na kusema kweli nataka kujaribu kidogo, maana biashara yetu yenyewe ni bahati: boti inatoka, inarudi na kitu au inarudi mtupu. Nitakuwa na pesa za wenzangu watatu za kununulia nyavu na mashine za boti. Mwaka jana niliwahi kuliwa milioni 1.8 kwenye mikeka ya kubeti, mke wangu nilimwambia mzigo ulioza. Je, niende? Na nikienda, nikae vipi?"*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu ina maswali mawili na wewe umeuliza moja. Umeuliza kuhusu hoteli. Swali la pili umelificha karibu na mwisho, pale mzigo ulipooza. Nitayajibu yote mawili, nikianza na jepesi.

Ujue kwanza anayekujibu ni nani. Kwa miaka tisa nilichezesha karata na ruleti (lile gurudumu la namba nyekundu na nyeusi) kwenye meza za kasino Dar es Salaam, kisha nikahamia upande wa hesabu, kukagua kila meza imeingiza nini na imetoa nini. Sasa nimetulia Nyegezi, nafundisha vijana takwimu. Mpaka leo nikimaliza kuosha vyombo napiga makofi mara moja na kugeuza viganja juu, jinsi mchezeshaji anavyofanya kabla ya kuondoka mezani ili kamera ione hajaficha kitu. Wajukuu wananicheka.

Tuanze na hewa, hadithi niliyoulizwa kuliko zote. Hakuna kasino inayopuliza oksijeni. Oksijeni ikizidi ndani ya jengo, cheche ndogo inageuka moto mkubwa, na hakuna zimamoto wala kampuni ya bima itakayokubali jambo hilo kwenye jengo lenye maelfu ya watu. Kinachomfukuza mtu usingizi ni vitu vya kawaida kabisa. Kiyoyozi kina baridi kidogo. Saa ya ukutani hakuna. Dirisha hakuna. Mwanga wa saa nane mchana na wa saa nane usiku ni ule ule. Hoteli ya The Venetian Macao, iliyofunguliwa Agosti 2007, ina mifereji ya maji ndani ya jengo, watu wanapiga kasia huku wakiimba, na juu yao kuna dari iliyochorwa anga la bluu na mawingu mepesi. Pale jua halizami. Ilipofunguliwa, eneo lake la michezo lilitajwa kuwa takriban mita za mraba 51,000. Chukua sehemu ya kuchezea ya uwanja wa CCM Kirumba, kisha izidishe mara 7.

Wewe umezoea kujua saa kwa kuangalia jua likiinama ziwani. Mle ndani utapotea. Vaa saa ya mkononi, na usitegemee simu, maana simu unaitoa mfukoni pale tu unapokumbuka kwamba muda unakwenda.

La pili, mgeni kushindishwa. Hapana, na hakuna haja. Mchezo unaotawala Macau ni bakarati: karata zinagawiwa pande mbili, mmoja unaitwa Mchezaji na mwingine Banka, wewe unaweka pesa upande mmoja na kungoja upi utafika karibu zaidi na 9. Huchagui karata, huamui kitu, kila hatua ina kanuni yake. Ukiweka kwa Mchezaji, kati ya mikono 100 (mkono ni raundi moja ya karata) utashinda kama 45, utashindwa kama 46, na iliyobaki ni sare, unarudishiwa chako. Sasa waingize wageni 100 kwa mara moja. Karibu nusu yao watashinda mkono wa kwanza bila kusaidiwa na mtu. Walioliwa wataondoka kimya. Walioshinda watabaki, watashinda tena au wataliwa, na jioni ndio watakaosimulia: "Mwanzoni walinipa, baadaye wakaninyang'anya." Hakuna aliyewapa. Wewe umesikia hadithi za waliobaki tu.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu umeandika kwamba biashara yako nayo ni bahati. Mwanangu, unajidharau. Mvuvi wa dagaa haingii ziwani mbalamwezi ikiwa imejaa, anajua taa yake haitavuta kitu. Anajua upepo wa usiku huu, anajua wenzake jana walipata upande gani wa kisiwa. Wewe mwenyewe ukishika bondo unajua limekauka sawasawa au limelazimishwa na jua kali. Ziwa linakumbuka. Jana yake inakuambia kitu kuhusu leo, na mtu anayelisoma vizuri kwa miaka ishirini humshinda anayelisoma vibaya. Karata hazina jana. Nikisema kwa ukali wa hisabati, karata iliyokwisha kutoka haimo tena katika zile zilizobaki, kwa hiyo ipo kumbukumbu ndogo, lakini kwenye bakarati ni ndogo mno kiasi kwamba haikufaidishi chochote. Miaka ishirini mezani inakufundisha adabu za meza tu.

Ila macho yako yatakataa kuamini. Ukifika utaona juu ya kila meza skrini yenye safu za duara nyekundu na bluu, na watu wazima wamekodoa macho wakisoma "barabara": Banka imetoka mara sita mfululizo, itaendelea au itakatika? Mezani utapewa kadi na kalamu ili nawe uandike. Jiulize kwa nini nyumba inayohesabu kila senti inakupa kalamu bure. Kama kuandika matokeo kungekusaidia, wangekunyang'anya mlangoni.

Kisa maarufu kuliko vyote kilitokea Monte Carlo tarehe 18 Agosti 1913. Kwenye meza ya ruleti mpira uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Ilipofika kama mara ya kumi na tano, watu walijazana kuweka kwenye nyekundu, wakiongeza dau kila raundi, kwa sababu nyekundu "lazima" itoke sasa. Walifilisika wakiwa na hakika. Ni akili ile ile ya vijana wa Igoma wanaosema dubwi, ile mashine ya kamari ya mtaani, limeshiba, linakaribia kutema. Mashine haina tumbo. Kila ukibonyeza, namba inapigwa upya, na ile iliyopita imeshafutika.

Sasa hesabu yenyewe, na naomba uichukulie kama unavyochukulia bei ya kilo. Kwenye bakarati ya kawaida, katika kila 100 zinazowekwa upande wa Banka, kasino hubaki na wastani wa 1.06, hiyo ikiwa imeshakata kamisheni yake ya asilimia 5 kwenye ushindi. Upande wa Mchezaji hubaki na 1.24. Kwenye sare, inayolipa 8 kwa 1 na kuvutia wageni kama taa ya karabai, hubaki na zaidi ya 14. Usiiguse sare hata kwa utani.

Utasema 1.24 ni ndogo, ushuru wa mazao unazidi. Ni kweli, mkono mmoja mmoja ni rahisi. Lakini ushuru unalipa mara moja kwa mzigo. Hapa unalipa kila dakika. Tuseme umekaa meza ya dola 500 za Hong Kong, ambayo Macau ni ya kawaida tu. Dola hiyo imefungamanishwa na ya Marekani kwa kama 7.8 kwa 1, kwa hiyo kila mkono ni kama dola 64 za Marekani. Mikono 50 kwa saa ina maana pesa zako zimezunguka 25,000. Asilimia 1.24 ya hiyo ni 310. Hiyo ndiyo bei ya saa moja ya kukaa kwenye kiti: dola 310 za Hong Kong, takriban 40 za Marekani.

Lakini hiyo 310 hutaiona, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Katika saa hiyo hiyo, kupanda na kushuka kwa kawaida ni kama 3,300 kwenda juu au chini. Simama ufukweni Capri Point siku ya upepo uangalie mawimbi yakipiga mawe. Kama ziwa lingepungua unene wa ukucha, ungeona? Unaona mawimbi tu. Mtu anatoka na faida ya 3,000 anasema nimewaweza. Mwingine anatoka na hasara ya 3,000 anasema leo nina mkosi. Wote wawili wamekatwa 310 ile ile, imefichwa ndani ya wimbi. Endelea kwa saa 100, makato yanafika 31,000, na wimbi la kawaida ni kama 33,000: sasa yanalingana. Fika saa 400, makato ni 124,000 na wimbi 67,000 tu. Kina kimeshuka, mawe yako nje. Wewe hutacheza saa 400. Kasino inazicheza kila usiku, kwa sababu ina viti maelfu. Ndiyo maana haihitaji kukuibia wala kukuroga. Inahitaji ukae.

Ukishalielewa hilo, kila kitu ndani ya hoteli ile kinajieleza: basi za bure kutoka mpakani, chakula, muziki, kiti laini, mtu anayekuletea chai kabla hujaomba. Unachouziwa pale ni saa.

Mashine za kubonyeza nitazipitia haraka, maana hizi unazijua kutoka mtaani. Mwanasaikolojia wa Marekani B.F. Skinner alionyesha zamani kwamba njiwa anayepata punje kila akidonoa huacha akishiba au punje zikikoma, ila anayepata punje bila mpangilio hudonoa bila kuchoka. Mashine imejengwa hivyo. Na ina ujanja mmoja wa kuangalia: unaweka 20, inakurudishia 8, taa zinawaka na wimbo unapigwa. Masikio yamesikia ushindi, mfuko umepoteza 12. Kwenye meza kuna watu, kuna maongezi, kuna kungoja karata zichanganywe. Kwenye mashine hakuna pumziko hata moja, na makato yake kwa kawaida ni makubwa kuliko ya bakarati.

Tuje kwenye chumba cha bure. Wenzako wa Mwaloni wamekosea kuhusu kutotoka. Hakuna sheria ya Macau inayomlazimisha mgeni wa hoteli kucheza, na familia nyingi zinalala pale na watoto wao, ambao hawaruhusiwi kukanyaga eneo la michezo kabla ya kutimiza miaka 21. Utaingia, utalala, utatoka. Lakini wamegusa jambo la kweli bila kulijua: chumba kile kimelipiwa. Mnunuzi wako bila shaka ni mchezaji mwenye kadi ya uanachama wa kasino. Kila anapokaa mezani kadi inaandika dau lake la wastani na saa alizokaa, kompyuta inazidisha kwa makato kama nilivyofanya hapo juu, inapata kiasi anachotegemewa kupoteza, na sehemu ya kiasi hicho anarudishiwa kama vyumba na milo. Kwa hiyo chumba chako ni hasara yake ya zamani, au hasara anayotarajiwa kuipata mkiwa pale. Hoteli haikudai kitu.

Yeye je? Hapo kuwa macho. Sisi tumelelewa kwamba mkono mtupu haulambwi, na mtu aliyekulisha siku tatu ni vigumu kumkatalia bei siku ya nne. Sisemi ana nia mbaya. Kwa wafanyabiashara wengi wa kule kumkirimu mgeni namna hii ni heshima ya kawaida. Ninachosema ni mpangilio. Bei, kiasi, madaraja ya mabondo na namna ya malipo viandikwe na kusainiwa Guangzhou, kabla hamjapanda treni. Akisema "tutamalizia Macau tukiwa tumetulia", mwambie kwa upole kwamba wenzako nyumbani wanangoja karatasi. Usijadili bei pembeni ya meza ya kasino, na usikubali akuwekee dau "kwa bahati yako wewe mgeni". Akishinda utakuwa na deni la shukrani, akishindwa utakuwa na deni la aibu.

Mambo ya mpaka nayo yana mtego ambao haumo kwenye hadithi za Mwaloni. Macau ni ya China tangu Desemba 1999, lakini ina uhamiaji wake. Ukivuka kutoka Zhuhai, mji wa mpakani, umetoka China Bara. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, imeishia hapo, na mzigo wako wa nyavu ukiwa Guangzhou hutaweza kurudi kuufuata. Kwa hiyo ama uombe viza ya kuingia mara mbili, ama umalize kila kitu Guangzhou kwanza, uvuke Macau, halafu upite lile daraja refu la kilomita 55 lililofunguliwa 2018 mpaka Hong Kong na upande ndege ya kurudi nyumbani huko huko. Masharti ya pasipoti ya Tanzania kwa Macau na Hong Kong yahakiki kabla hujakata tiketi, kila moja peke yake.

Kuhusu taslimu: ukiingia China na zaidi ya dola 5,000 za Marekani unatakiwa kutoa tamko forodhani, na ukiingia Macau na pesa zinazofikia pataca 120,000 (pataca ni sarafu ya Macau) vivyo hivyo. Mle ndani kuna watu watakukaribia kwa sauti ya chini wakitaka kukubadilishia pesa kwa bei nzuri. Tangu 2024 hilo ni kosa la jinai Macau, hata kama uso wake ni wa kirafiki. Wapo pia wanaokopesha papo hapo, wanakata riba kutoka kila mkono unaoshinda, na wamezoea kushika pasipoti. Hata mkopo halali wa kasino yenyewe usiusaini; sheria ya kule inaruhusu deni hilo kudaiwa mahakamani. Na mapokezi ya hoteli wataomba dhamana kwenye kadi ya benki hata kama chumba ni cha bure, kwa hiyo uliza mapema dhamana itatoka kadi ya nani.

Sasa nikupe kitu nilichokiona kwa macho, kisha tuingie swali la pili. Miaka ile Dar alikuja baba mmoja, ameuza ng'ombe, amevaa koti safi. Alikaa kwenye ruleti yangu. Mfuko wa kushoto alikuwa na pesa za kucheza, wa kulia ada ya watoto. Nilijua kwa sababu kila dakika chache alikuwa akiupapasa ule wa kulia kama mtu anayehakikisha mtoto amelala. Za kushoto zikaisha. Hakucheza za kulia, hapana. Alitoa noti kulia, akazikunja upya, akaziweka kushoto. Akapumzika kidogo. Halafu akacheza za kushoto. Nilizipokea nikazisukuma kwa kibao cha plastiki kwenye tundu la meza, zikaanguka kwenye sanduku chini, nikampa chipu. Chipu ni vidude vya rangi, vyepesi, havina picha ya mtu wala maandishi ya benki, na mtu akivishika mkono unasahau kwamba ni ada. Alirudia kuhamisha mara nne. Mara ya tano mfuko wa kulia haukuwa na kitu, lakini aliupapasa tena.

Nimekusimulia kwa sababu ya ule mzigo ulioza. Shilingi milioni 1.8 inauma lakini inarudi. Kilichonishtua ni kwamba ulihitaji hadithi ya kumwambia mke wako, na kwamba sasa, ukiwa na pesa za watu watatu mkononi, neno unalotumia ni "kujaribu kidogo". Nijibu mwenyewe, bila kuniandikia: baada ya ule mkeka kuchanika, uliweka mwingine ili urudishe zilizoliwa? Umewahi kuongeza dau kwa sababu dau la zamani halikusisimui tena? Umewahi kukopa, au kuchota kwenye mtaji, ukisema utarudisha kabla hawajajua? Ukiacha wiki mbili unakuwa mkali nyumbani? Kama moja ni ndiyo, tahadhari. Kama ni mbili au zaidi, huenda hilo ni tatizo lenye jina la kitabibu. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kamari iliyomshinda mtu kuwa miongoni mwa maradhi. Halihusiani na ujinga. Nimewaona walimu wa hisabati na wahasibu mezani kwangu, wanaojua makato kwa desimali, wameshindwa kusimama.

Na mimi siwezi kukupima kwa barua. Nenda kabla ya safari, ana kwa ana. Hospitali ya Bugando ina idara ya afya ya akili. Sekou Toure wanaweza kukuanzishia na kukuelekeza. Useme neno "kamari" wazi, usiseme "msongo wa mawazo" tu, maana watakutibu ulichosema. Tiba yake ni mazungumzo ya mpangilio zaidi kuliko vidonge. Ukiwa na kiongozi wa dini unayemwamini, au mzee wa ukoo asiyepayuka, mwongeze, lakini asiwe badala ya daktari. Na ikiwa umewahi kufikia kuwaza kwamba bora ufe kuliko watu wajue, hilo usilisubirishe mpaka Jumatatu. Nenda leo, na usiende peke yako.

Basi, uende? Njia ni tatu. Ya kwanza, usiende Macau kabisa: umalize Guangzhou, urudi. Mnunuzi hataudhika ukimwambia mzigo unakungoja, na mke wako atalala. Hasara yake ni kwamba mtu uliyetaka kumjua utamjua nusu. Ya pili, uende, ulale, uone, usicheze. Ya tatu, ucheze kwa kiasi ulichokwisha kukitoa sadaka, tuseme dola 100 za Marekani kama bei ya tiketi ya onyesho, zikiisha umeondoka. Hii ya tatu ningempa mtu ambaye hana mzigo ulioza. Wewe sikupi. Kwa meza ile niliyoitaja, dola 100 hazifiki hata mikono miwili, na mtu mwenye historia yako hasimami mkono wa pili.

Nakushauri ya pili, kwa usiku mmoja badala ya mitatu, na kwa sharti. Pesa za wenzako zisisafiri mfukoni mwako. Zipitie benki moja kwa moja kwa muuza nyavu na mashine, kila mmoja wa wale watatu akiwa na nakala ya ankara. Ukivuka mpaka wa Zhuhai uwe na nauli, chakula na kidogo cha dharura. Kadi yako ipunguzwe kiwango cha kutoa kabla hujaondoka Mwanza. Na mke wako umwambie kuhusu mzigo kabla ya safari, wewe mwenyewe, jikoni au popote mnapoongelea mambo mazito. Atakasirika. Ila ukimwambia baada ya Macau hataamini lolote litakalofuata, hata kama hukugusa karata. Kama hata usiku mmoja unauogopa, mamlaka ya michezo ya Macau hupokea maombi ya mtu anayetaka azuiwe kuingia kasino zote, mpaka miaka miwili. Hakuna aibu, fomu ile ipo kwa sababu watu wanaihitaji.

Usiku wenyewe utauona vizuri tu. Utatembea kwenye mitaa ya bandia mpaka miguu iume, utaona mnara wa Eiffel uliojengwa nusu ya ule wa Paris, utakula vile vikeki vya mayai vya mtindo wa Kireno. Ukipita kwenye meza, pita kama unavyopita gati la watu wengine: angalia, usiguse, na usipige picha, walinzi watakufuata. Asubuhi toka nje, uende mji wa zamani kwenye hekalu la A-Ma, mungu wa kike anayeombwa na mabaharia na wavuvi wa pwani ile; inasemekana jina la Macau lenyewe limetoka kwake. Nadhani utaelewa mahali pale kuliko watalii wengi.

Siku mbili zitakazobaki, mwombe mnunuzi wako mvuke daraja mwende Hong Kong, mtaa wa Sheung Wan, kwenye yale maduka ya vyakula vikavu vya baharini. Utakuta mabondo yamepangwa kwenye mitungi ya vioo na masanduku, makubwa kwa madogo, kila moja na kibandiko chake cha bei. Andika bei zote kwa uzito na ukubwa, uzilinganishe na unazopata Kirumba. Akisita kukupeleka huko, lakini Macau anakuharakisha, utakuwa umejua jambo kuhusu bei anayokupa.